Mnyapara: Safari ya Neno Moja na Historia ya Uhuru Kazini

Utangulizi

Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili aya fupi kuhusu uongozi wa ofisi za kisasa. Aya hiyo ilimweleza mkuu wa ofisi ambaye hawahesabii watumishi saa za kukaa kitini, bali hukubaliana nao matokeo yanayotakiwa, kisha huwaachia waamue wenyewe namna ya kuyafikia. Mwanafunzi mmoja alimwita mkuu huyo "mnyapara". Darasa likaangua kicheko, hasa wale waliokulia Tanzania, kwa maana huko mnyapara ni mtu wa kushika fimbo, na gerezani ni mfungwa aliyepewa madaraka ya kuwasimamia wenzake. Mwanafunzi wetu alijitetea kwamba kamusi inasema mnyapara ni msimamizi wa wafanyakazi. Kwa hakika kamusi haikumdanganya, ila haikumweleza yote.

Baada ya kipindi, sisi walimu tuliendelea kubishana chumbani kwetu. Wengine walitaka neno hilo likatwe kwa wino mwekundu. Wengine walikumbusha kwamba lau aya hiyo ingetafsiriwa miaka 150 iliyopita, neno hilo lingekaribia sana kufaa. Makala haya yametokana na ubishi huo. Tunakusudia kulifuata neno mnyapara, pamoja na ndugu zake kama kibarua, kipande na posho, ili tuone jinsi watu wa Afrika Mashariki walivyopimiwa kazi, na ni wakati gani walikuwa na sauti katika kipimo hicho. Tunaamini mwalimu wa lugha anayejua historia hii hufundisha msamiati wa kazi vizuri zaidi kuliko anayetegemea kamusi peke yake.

Msafara: wazee, kirangozi na mzigo

Katika karne ya 19 mizigo ya bara ilisafiri juu ya mabega na vichwa vya watu. Njia kuu ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 30 au zaidi, mbali na chungu chake, mkeka wake na silaha yake.

Wapagazi waliojulikana zaidi walikuwa Wanyamwezi. Kwao, upagazi ulikuwa kazi ya heshima kwa kijana, na aliyekuwa hajawahi kuiona pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Walisafiri kwa wingi wakati wa kiangazi, na walipenda kurudi kabla ya msimu wa kulima. Misafara yao wenyewe iliongozwa na wazee walioitwa wanyampara. Neno hili lina asili katika Kinyamwezi, ambamo banyampala walikuwa wazee na washauri, watu wanaosikilizwa kwa sababu ya umri na busara zao. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, amevaa mapambo yanayomtambulisha. Haikuwa ruhusa kwa mpagazi yeyote kumtangulia. Kirangozi alichagua njia, na njia ikipotea lawama ilikuwa yake. Wasomaji watatambua mara moja kwamba neno hili ni ndugu wa kiongozi tunalolitumia leo.

Jambo la kuangalia ni namna ya malipo. Wanyamwezi wengi walipatana ujira wa safari nzima, kutoka mahali fulani hadi mahali fulani. Kwa upande mwingine, wapagazi waliotoka Unguja na pwani, waliojiita waungwana, mara nyingi walipatana kwa mwezi na kupewa sehemu ya mshahara kabla ya kuondoka. Kwa hiyo mmoja alilipwa kwa kufika, mwingine kwa siku alizokaa safarini. Anayelipwa kwa kufika ana sababu ya kuharakisha, maana kila siku ya kuchelewa ni siku iliyopotea shambani kwake. Anayelipwa kwa mwezi hana sababu hiyo.

Lakini kulipwa kwa kufika hakukuwa na maana ya kuachiwa tu na tajiri. Wapagazi walikuwa na desturi zao, na tajiri mwenye mali alilazimika kuzifuata. Walijigawa katika makundi ya kula pamoja. Walijua posho yao ya kila siku ni kiasi gani, na ikipunguzwa waliweka mizigo chini. Waliweza kukataa kuondoka kambini kama kulikuwa na wagonjwa, au kama mwendo wa jana ulikuwa mrefu mno. Wasafiri wa Kizungu, kama Richard Burton aliyepita njia hiyo kuanzia mwaka 1857, waliandika malalamiko mengi kuhusu "ukaidi" huo. Tukisoma malalamiko yao leo, tunaona kitu kingine: wafanyakazi waliokubali kupimwa kwa matokeo, lakini waliojiwekea wenyewe mwendo, chakula na mapumziko. Hata utani baina ya makabila, ambao wanafunzi wetu hufurahia kuusoma, ulistawi sana katika njia hizo, mahali ambapo wageni walihitaji namna ya kuishi pamoja bila kugombana.

Hata hivyo tusiipambe picha hii kupita kiasi. Misafara hiyo hiyo ilishirikiana na biashara ya watumwa. Si kila aliyebeba mzigo alikuwa amepatana ujira. Ndui, njaa na kuhara viliua wengi, na waliobaki nyuma njiani hawakuzikwa wote. Tunachosema ni kwamba pale mpagazi alipokuwa huru, mnyampara alikuwa mzee wake. Hakuwa bwana juu yake.

Ngwe, pishi na kibarua

Pwani na visiwani hali ilikuwa tofauti. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba palikuwa na msimamizi, na chini yake nokoa na kadamu, ambao aghalabu walikuwa watumwa wenyewe. Mtumwa aliyelima alipewa ngwe, kipande cha ardhi kilichopimwa, akimaliza amemaliza. Hapa pana jambo la kutafakari. Ngwe ni kupimwa kwa matokeo, wala si kwa saa. Aliyemaliza mapema aliweza kwenda kulima kijishamba chake. Lakini aliyepima ngwe hakuwa yeye, na hakuwa na njia ya kusema kwamba imezidi. Leo magazeti ya Tanzania huandika "ngwe ya pili" ya uongozi, na wasomaji wengi hawakumbuki kwamba neno hilo limetoka shambani.

Walimu wenzetu wanaofundisha Kinyarwanda watatukumbusha hapa neno umubyizi, kazi ya kulima ya siku moja, ambalo limemzaa nyakabyizi, yaani mfanyakazi wa kutwa. Kila jamii ya wakulima ilikuwa na kipimo chake.

Mjini Unguja na Mombasa kulikuwa na watumwa walioruhusiwa kutafuta kazi za kutwa na kumpelekea bwana sehemu ya ujira wao. Waliitwa vibarua, jina linalohusishwa na barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu kuonyesha kwamba amefanya kazi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, jina kibarua lilibaki. Wachumaji wa karafuu sasa walilipwa kwa pishi walizochuma. Na makuli wa bandarini waliendelea na kazi ya kutwa kwa miaka mingi.

Wakuu wa bandari ya Mombasa waliona kibarua kuwa ni tatizo, kwa sababu mtu aliyefanya kazi siku anazotaka na kupumzika siku anazotaka hakutabirika. Kwa kuli mwenyewe, hapo ndipo palipokuwa na uhuru wake. Alikuwa maskini, lakini aliamua siku zake. Baada ya mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, serikali na makampuni yalizidisha juhudi za kuwaandikisha makuli na kuwageuza waajiriwa wa kudumu. Walipata usalama zaidi wa mapato, wakapoteza haki ya kuchagua siku. Wanafunzi wanaosoma riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979 na inayohusu mgomo wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948, wangefaidika kuikumbuka historia hii wanaposoma.

Kipande na mnyapara mpya

Reli ilimaliza kazi ya msafara. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi wa hiari ulipokuwa unakufa, ukaja upagazi wa lazima. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia watu wengi mno wa Afrika Mashariki na Kongo walikamatwa kubeba mizigo ya majeshi, na makumi ya maelfu walikufa. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, majina yaliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Katika kikosi hicho hapakuwa na kupatana ujira wala kukataa mwendo.

Mkonge ulikuwa umeletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893, na mashamba yake yalihitaji watu wengi. Huko Tanganyika kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku ya kazi iliyokubaliwa na msimamizi iliwekewa alama, na mshahara ulitolewa kadi ilipojaa. Mkataji wa mkonge alipewa idadi ya matita ya majani. Akiimaliza aliondoka, hata kama jua lilikuwa bado la asubuhi. Lakini asipoitimiza, siku hiyo haikuwekewa alama, na jasho lake halikuhesabiwa.

Aliyeamua kama tita limetimia alikuwa mnyapara. Hapa ndipo neno letu lilipogeuka. Mzee wa msafara alikuwa ametokana na wapagazi na aliwategemea. Akiwakosea, walimwacha porini na mizigo. Mnyapara wa shamba aliwekwa na tajiri, alilipwa na tajiri, na aliweza kufutwa na tajiri peke yake. Jina ni lile lile, lakini uso wake uligeuzwa: zamani aliwasemea wafanyakazi kwa tajiri, sasa alimsemea tajiri kwa wafanyakazi.

Nchini Kenya neno kipande lilichukua maana nyingine. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kubeba cheti cha kujitambulisha, ambacho kilitiwa katika kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Humo mwajiri aliandika tarehe na mshahara, na mtu asiyeandikiwa ruhusa ya kuondoka hakuweza kutafuta kazi kwingine. Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliokipinga, na alipokamatwa mwezi Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi walipigwa risasi. Kipande hicho kilifutwa mwaka 1947, lakini hadi leo Mkenya akikuuliza "kipande chako kiko wapi?" anataka kitambulisho.

Kazi na akazi

Hapa kwetu Rwanda, na kwa majirani zetu wa Burundi, neno kazi lilipanda kutoka pwani likapokewa kama akazi. Leo akazi ni ajira, jambo ambalo kila mhitimu analitafuta. Lakini katika enzi ya Wabelgiji neno hilo lilitumika kwa kazi za shuruti: barabara, mitaro, upandaji wa miti na mazao ya lazima. Pamoja nalo liliingia neno ikiboko, kutoka kiboko. Na msimamizi wa kazi aliitwa kapita, neno lenye asili ya Kireno lililoenea sana Kongo. Hadi sasa tunalisikia katika maeneo ya ujenzi mjini Kigali.

Tunawaomba wanafunzi wetu waliangalie jambo hili kwa makini. Lugha moja iliazima kutoka kwa nyingine neno la kazi na neno la kiboko katika kipindi kile kile. Wazee wetu waliochimba mitaro hiyo walipimiwa matokeo: urefu fulani wa mtaro kwa siku fulani. Hakuna aliyewauliza maji yanapita wapi mlimani, ingawa wao ndio waliokuwa wakikijua kilima.

Mwongozo wa mwaka 1971

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, kaulimbiu iliyoenea ilikuwa "Uhuru na Kazi". Swali lilibaki: je, uhuru huo ungeingia pia ndani ya mlango wa kiwanda? Sheria ya mwaka 1964 iliunda kamati za wafanyakazi. Azimio la Arusha likaja Februari 1967, na mwanzoni mwa mwaka 1970 Rais Nyerere alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Februari 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo, ambao ulikemea viongozi wenye kiburi, ubadhirifu, dharau na uonevu, na kutaka usawa ujengwe kati ya viongozi na wale wanaowaongoza.

Waandishi wa Mwongozo huenda hawakutarajia utasomwaje. Wafanyakazi waliusoma kama hati ya haki zao. Kati ya mwaka 1971 na 1973 kazi zilisimama katika viwanda na mashirika mengi, na mara nyingi madai hayakuwa nyongeza ya mshahara. Yalikuwa lugha ya matusi ya meneja, upendeleo, na kutosikilizwa. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wakiukataa unyapara. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe. Serikali iliwakubalia. Lakini wenzao wa kiwanda kingine walipojaribu vivyo hivyo, walikabiliwa na polisi na wakapoteza kazi zao. Toka hapo wito uliosikika kutoka juu ulikuwa wa nidhamu kazini.

Kushindwa huko kuna mafunzo pande zote mbili. Serikali ilitaka tija, na ilihofia kwamba kila kiwanda kingejiamulia bila kujali mpango wa taifa. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana nchi maskini haiwezi kuacha viwanda vyake visimame. Lakini mabaraza yaliyoundwa yalikuwa ya kushauri tu, na katika mengi sauti ya uongozi ndiyo iliyokuwa na uzito. Mfanyakazi aliambiwa kiwanda ni chake, kisha akaletewa malengo ambayo hakushiriki kuyaweka.

Posho, imihigo na sisi wenyewe

Tangu miaka ya 2000, nchi zetu zimerudi kwenye kipimo cha matokeo. Mwaka 2004 Kenya ilianza kutumia mikataba ya utendaji katika mashirika ya serikali, na mwaka huo huo Tanzania iliingiza mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi mahali pa taarifa za siri. Hapa Rwanda, mwaka 2006 viongozi wa wilaya walianza kutia sahihi imihigo mbele ya Rais, na baadaye utaratibu huo ukashuka hadi kwa mtumishi mmoja mmoja.

Sababu za kubadilika zinaeleweka. Fikiria neno posho. Kwa mpagazi lilikuwa chakula cha siku. Uganda limekuwa jina la ugali. Tanzania, posho ya kikao ni fedha anayolipwa mtu kwa kuhudhuria mkutano, mkutano uwe umezaa kitu au haukuzaa. Mahali ambapo kukaa kunalipwa kuliko kutenda, kudai matokeo ni haki ya mwananchi.

Lakini asili ya imihigo ni kuhiga, na anayehiga ni mtu mwenyewe, anayesimama mbele ya wenzake na kutaja kwa kinywa chake atakalolitenda. Tunalisema hili kwa sababu limetugusa. Mwaka mmoja fomu zilitufikia zikiwa zimekwisha kujazwa malengo; kilichobakia kilikuwa sahihi zetu. Yalikuwa malengo ya kuhesabu: vipindi vingapi, mitihani mingapi, warsha ngapi. Tulitia sahihi, tukayatimiza yote, tukapewa alama nzuri. Na mwisho wa mwaka wanafunzi wetu wengi walikuwa bado hawawezi kuzungumza Kiswahili na mchuuzi wa Bujumbura bila kuchanganya lugha. Hatukumdanganya mtu yeyote. Tulikata matita tuliyohesabiwa.

Mwaka uliofuata tuliomba ruhusa ya kuandika lengo moja letu wenyewe: kila mwanafunzi wa mwaka wa pili asome riwaya moja nzima ya Kiswahili na kuieleza kwa mdomo, bila karatasi, mbele ya walimu wawili. Kila mwalimu aliachiwa njia yake. Mmoja aliunda makundi ya kusoma jioni, mwingine aliwataka wanafunzi wamsimulie sura moja kila wiki wakitembea kuelekea kituo cha basi. Si wote waliomaliza, na tuliandika hivyo katika taarifa yetu. Alama zetu mwaka huo zilishuka. Lakini ndio mwaka ambao wanafunzi walianza kubishana kwa Kiswahili nje ya darasa.

Hitimisho

Katika historia hii fupi tumeona kwamba kupimwa kwa matokeo si jambo jipya, wala peke yake si uhuru. Ngwe ilikuwa matokeo, kipande cha mkonge kilikuwa matokeo, na mtaro wa akazi vilevile. Kilichomtofautisha mpagazi wa Kinyamwezi ni kwamba alipatana kabla ya kuinua mzigo, na msimamizi wake aliweza kuulizwa na wale aliowasimamia. Viongozi wa ofisi na shule wanaotaka watumishi wanaojituma wangefaa kuanzia hapo.

Kuhusu mwanafunzi wetu, tulikubaliana kumpa nusu ya alama, na kumwandikia pembeni kwamba kiongozi lingefaa zaidi. Kisha tukampa kazi ya ziada: akawaulize wazee wa kwao walikuwa wakimwitaje msimamizi wa kazi zamani, na jina hilo walilitamka kwa sauti gani. Tunawakaribisha wasomaji wetu, walimu na wanafunzi, wafanye hivyo hivyo na watuletee majibu yao kwa ajili ya matoleo yajayo.